Umesikia kwa Nani?

Watu wa Nzuguni walinipa jina la utani, na jina lenyewe lilikuwa swali. Nikipita karibu na kisima wanawake walinong'onezana, haya, Umesikia-kwa-Nani huyo anakuja, fungeni midomo. Hawakunionea. Mtu akiniambia mvua imenyesha Mlali, nilimwuliza amesikia kwa nani. Akisema kwa mchukuzi mmoja, nilitaka kujua huyo mchukuzi anaswali au haswali, anakunywa pombe au hanywi, amewahi kukamatwa na uongo au hajawahi. Wao walicheka. Mimi sikuona la kuchekesha. Nilikuwa kijana mwenye mke na watoto watatu, nina kazi ya kalamu, na nilikuwa na yakini kwamba dunia imeharibika kwa sababu watu hupokea maneno bila kuuliza yamepita mikononi mwa nani.

Elimu hiyo niliipata Mpwapwa, kwa mwalimu mmoja wa pwani. Alikuja na msafara zamani, mguu ukamvimba, wenzake wakamwacha, akabaki hapo mpaka mauti. Alinifundisha Kurani, kisha akanifundisha kijitabu cha kurasa chache juu ya kupima hadithi za Mtume, rehema na amani zimshukie. Alinieleza kwamba kila hadithi ina sehemu mbili. Kuna maneno yenyewe, na kuna mlolongo wa watu walioyafikisha, fulani kasikia kwa fulani, na fulani kasikia kwa fulani, mpaka kwa aliyekaa mbele ya Mtume akasikia kwa masikio yake. Huo mlolongo ndio isnadi. Kwa kuwa sisi wa Mpwapwa tulizaliwa kwenye njia ya misafara, alitupa mfano wa wapagazi. Mzigo ukifika, alisema, usikimbilie kuufungua. Tazama kwanza mabega yaliyoubeba. Mmoja wao akiwa mwizi, mzigo wote una shaka.

Nililipenda neno hilo kupita kiasi. Baba yangu alikuwa mpagazi, na utoto wangu wote nilisikia wapagazi wakisimulia mambo ya Unyanyembe na Ujiji ambayo hayakuwa na kichwa wala miguu. Sasa nikapewa kipimo. Nilihifadhi madaraja yote, huyu ni mwaminifu, huyu hufuatwa, huyu kumbukumbu yake ina kasoro, huyu dhaifu, huyu mwongo, hadithi yake haiandikwi. Lakini vitabu vikubwa vyenye hadithi zenyewe hatukuwa navyo. Mwalimu aliviacha pwani, akabaki na zile alizozihifadhi, labda mia, labda zaidi kidogo. Akafa kabla hajamaliza kunifundisha. Nimelifikiria sana hilo uzeeni. Alinipa kisu, nyama hakuwahi kunipa, nami nikatembea na kisu mkononi nikitafuta cha kukata.

Kwa sababu nilijua kuandika nilipata ukarani katika boma moja dogo la Wadachi, ambalo sitalitaja. Kazi yangu ilikuwa siku za shauri. Bwana Mkubwa alikaa mezani, watu wakakaa chini juani, mashahidi wakaitwa mmoja mmoja, na mimi niliandika wanayosema. Naona haya kusema, ila niliipenda kazi ile kwa sababu niliiona ni ile ile niliyofundishwa. Shahidi huyu anapokelewa, yule hapokelewi. Nilirudi nyumbani kila siku ya shauri, Alhamisi jioni, nimejaa fahari.

Mke wangu alikuwa mtu wa Kondoa, wa vilimani, mtoto wa wakulima walioshika dini vizuri. Hakujua kusoma, lakini alikuwa na akili inayokata. Nilipowafundisha vijana wawili watatu barazani, yeye alikuwa ndani anasaga uwele, na jiwe likisimama nilijua anasikiliza. Baada ya muda alianza kunichezea kwa elimu yangu mwenyewe. Nikiuliza kuku yuko wapi, hujibu kwa mpango: "Nimesikia kwa mwanao, naye kasikia kwa jirani, na jirani ni dhaifu, kwa hiyo kuku huenda bado yuko hai." Siku moja aliniuliza kama wanawake nao wamo katika milolongo hiyo. Nikamwambia wamo tele, na mwalimu wangu alikuwa akisema hajapata kumsikia mwanamke aliyetuhumiwa kuzua hadithi. Alifurahi siku nzima. Alipita akiimba na ndoo kichwani, na kila aliyemwuliza ana nini leo alimjibu kwamba wanawake hawamzulii Mtume.

Alikuwa na kaka yake mmoja, baba mmoja mama mmoja. Shemeji yangu alikuwa mtu wa punda na chumvi. Alinunua chumvi Bahi, ile ya kukwangua mbugani maji yakikauka, akaipeleka Kondoa, akarudi na tumbaku na asali. Mtu mpole, mwenye maneno mengi ya kuchekesha. Alipopita kwetu watoto walimparamia mpaka kilemba kikaanguka.

Sasa nilieleze jambo la punda, maana bila hilo mengine hayaeleweki.

Alikamatwa njiani na askari akiwa na punda watano, na mchungaji mmoja akadai kwamba mmoja kati yao ni wake. Aliletwa katika boma letu siku ya shauri. Mimi nipo na kalamu yangu. Bwana Mkubwa alimwuliza punda yule ni wa nani. Shemeji akasema ni wa ndugu yake wa Kondoa, amemwazima abebe chumvi. Bwana Mkubwa alijua Kiswahili, na alijivunia kukijua. Akamwuliza, huyo ndugu, ninyi ni tumbo moja? Shemeji akasema hapana. Baba mmoja? Hapana, bwana, ni... Hakuachwa amalize. Alikuwa anataka kusema ni mtoto wa baba yake mdogo, kila mtu aliyekaa pale chini alijua hivyo. Kwetu mtoto wa baba mdogo ni ndugu, mtoto wa mama mkubwa ni ndugu, na hata mtu wa kijiji kimoja ukikutana naye ugenini ni ndugu. Bwana Mkubwa alipiga meza kwa kiganja. Akasema, umesema ndugu, sasa unasema si ndugu, basi wewe mwongo. Kisha akanigeukia akaniambia niandike.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa fupi, lakini ilikuwepo. Ningesema, bwana, neno ndugu kwetu lina mapana. Aliwahi kuniuliza maana za maneno mara nyingi na kunisikiliza. Lakini siku ile alikuwa amekasirika tangu asubuhi, na karani aliyenitangulia alifukuzwa kwa kujibu. Niliandika kwamba shahidi amekiri mwenye punda si ndugu yake, na ya kuwa ameonekana kuwa mwongo. Hati yangu ilikuwa nzuri. Punda akapewa yule mchungaji, na shemeji yangu akalazwa chini akapigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Mimi nilikuwa nakausha wino kwa mchanga na kuhesabu bila kutaka.

Hakuniambia neno. Hakumwambia dada yake pia, maana mimi ni shemeji, na kumfedhehesha shemeji mbele ya mkewe ni aibu kwao. Mimi ndiye niliyemwambia mke wangu. Nilimwambia kaka yake amepatikana na uongo bomani, nikanyamaza hapo. Alilia, akasema haelewi. Ajabu ni kwamba baada ya miezi michache mimi mwenyewe nilianza kuamini. Nilihitaji awe mwongo. Kama hakuwa mwongo, mwongo alikuwa karani.

Mwaka uliofuata surua iliingia. Ilikuja na vibarua wa reli, wengine walisema ilitoka Kilimatinde, sikuuliza imetoka kwa nani. Tulimzika mtoto wetu wa kwanza siku ya Jumanne na mdogo wake Jumatano ya juma la pili. Wote wa kiume. Akabaki binti yetu wa miaka minne, ambaye surua ilimpitia na kumwacha na macho mekundu. Siwezi kuandika zaidi juu ya siku hizo nane. Nimejaribu mara kadhaa katika maisha yangu na kila mara nimeacha.

Mke wangu alikataa chakula. Alikaa kwenye kona ya nyumba yetu ya tembe, mgongo ukutani, midomo imepasuka, na wanawake waliokuja matangani walimbembeleza kwa uji wakachoka. Siku ya tatu baada ya maziko ya pili akafika kaka yake kutoka Bahi, kwa miguu, bila punda, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikwenda moja kwa moja akakaa mbele yake. Sisi wanaume tulikuwa mlangoni tunasikia. Akamwambia kwamba alipokuwa Kondoa alimsikia mzee mmoja aliyerudi kuhiji akisimulia hadithi ya Mtume juu ya mama aliyefiwa. Mama aliyetanguliwa na watoto wake akasubiri, watoto hao huwa kizuizi baina yake na moto. Watatu, akasema yule mzee, na hata wawili.

Mke wangu aliinua uso. Akauliza, "Hata wawili?" Kaka yake akasema hata wawili. Akanyoosha mkono akachukua kata ya uji akanywa, taratibu, mpaka nusu. Wanawake wakaanza kumshukuru Mungu kwa sauti ndogo.

Ningeondoka wakati ule. Ningekwenda kuchota maji au kukata kuni. Badala yake niliinama nikaingia ndani, na mbele ya watu wote nikamwuliza shemeji yangu swali langu.

Alishangaa. Akasema kwa mzee wa Kondoa, nimekwishasema. Na mzee kasikia kwa nani? Hajui, labda Maka. Nikawaeleza waliokuwepo, kwa sauti ile ile ya barazani, kwamba hadithi hiyo naijua, nimeisikia kwa mwalimu wangu, na mwalimu alitaja watatu. Wawili hakuwataja. Hawa wawili ni nyongeza. Na nyongeza ikiletwa na mtu dhaifu hutupwa, hiyo ndiyo kanuni. Nikasema mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, na kaka anampenda dada yake, lakini Mtume hasemewi kwa sababu ya mapenzi.

Shemeji akasema, "Nimesema nilivyosikia."

Nikamjibu, "Jina lako limo katika daftari la boma kwamba wewe ni mwongo."

Alinitazama, na sikuona hasira katika macho yake. Hiyo ndiyo iliyonichoma zaidi, kwa sababu ningejua la kufanya na hasira yake. Alisimama, akamshika dada yake kichwa, akatoka. Nilisikia wanaume barazani wakimpisha. Mke wangu aliiweka kata chini.

Nataka nijitetee, na sina pa kuanzia. Nilikuwa na uchungu, ndiyo, wale walikuwa wanangu pia. Nilitaka kitu kimoja katika nyumba ile kikae sawa, na kitu pekee nilichokuwa nacho kilikuwa kanuni. Zaidi ya hayo, yule mtu alipoingia nilikumbuka mchanga juu ya wino. Ulimi hauna mfupa, wanasema. Wangu siku ile ulikuwa nao.

Jua lilikuwa halijatua. Wanawake walikwenda kuchota maji, tukabaki watatu, yeye, mimi na binti aliyekuwa akichezea kibuyu kilichovunjika shingo. Mke wangu akaniuliza bila kunitazama, "Ni watatu?"

"Ni watatu."

Alimtazama mtoto muda mrefu. Kisha akasema, "Bado mmoja, basi."

Nilidhani ni uchungu umemtoka kama uchungu unavyotoka, neno moja na limekwisha. Lakini kuanzia siku ile hakumshika mtoto tena. Alimpikia, alimtengea, alimfulia, ila kumbeba au kumsuka hapana. Mtoto akimkimbilia, alisimama akatafuta kazi. Siku moja mtoto alishikwa na kikohozi, kikohozi cha vumbi tu, nikamkuta mama yake ameketi nje kwenye jua kali ameziba masikio. Nilimkaripia. Nilimwuliza mama gani huyu. Akanijibu kwa utulivu, na maneno yake nimebaki nayo. Alisema, "Alipokohoa, nilihesabu. Sikutaka. Nilijikuta nimefika tatu."

Nikamwambia hayo ni wasiwasi wa shetani, asome Kurani. Sikuwa na jingine. Na kumwambia kwamba nimekosea sikuweza, maana nilikuwa sijui kwamba nimekosea.

Alituma ujumbe kwa mama yake aje amchukue mtoto. Mama mkwe alikuja, mwanamke mnene mwenye huruma, akamchukua mjukuu wake bila kuuliza sana. Baada ya mwezi mke wangu naye aliomba ruhusa kwenda kwao, nikampa. Baadaye nilisikia kwamba hakukaa kwa mama yake. Alikwenda kukaa kwa shangazi yake, ng'ambo ya mto, ili asilale paa moja na mtoto. Umesikia kwa nani, nilimwuliza aliyeniletea habari, kwa mazoea tu, na yule mtu akageuza uso.

Niliishi peke yangu zaidi ya mwaka. Vijana wa barazani walipungua mmoja mmoja. Nilikwenda bomani, niliandika, nilirudi, nilipika uji nikanywa. Kufikia wakati huo treni ilikuwa imezoeleka Dodoma, na wenye elimu walikuwa wakipita kwenda Tabora na kurudi. Mmoja wao, mzee kutoka Unguja, alishuka akiwa na homa akakaa siku kumi kwa mfanyabiashara mmoja karibu na stesheni. Alikuwa na kasha la vitabu. Nilipolisikia hilo nilioga, nikavaa kanzu yangu njema, nikaenda.

Nilikwenda kujionyesha. Nilimwuliza maswali ambayo majibu yake nayajua, na alipoona nayajua alitabasamu. Mwishowe nikamletea mfano wangu wa nyongeza ya mtu dhaifu, nikiutia chumvi kidogo: mtu mmoja mwongo alileta hadithi ya mama aliyefiwa, akaongeza wawili, nami nikaikata palepale mbele ya watu. Nilingoja aniambie umefanya vema.

Mzee akaomba apewe kitabu kimoja, kikubwa, akafungua kama mtu anayejua chumba chake gizani. Akaweka kidole akaanza kusoma majina, fulani kasikia kwa fulani, na kila jina lilikuwa la mtu mwaminifu, hata mimi nililijua moja au mawili. Akafika kwenye maneno. Mtume alikuwa akiwafundisha wanawake siku waliyotengewa, akawaambia juu ya mama aliyefiwa na watatu. Hapo mwanamke mmoja miongoni mwao akauliza, na wawili? Mtume akajibu, na wawili.

Nilimwomba asome tena. Akasoma tena. Wawili hawakutoka kwa shemeji yangu. Hawakutoka kwa mzee wa Kondoa. Walitoka kwa mwanamke aliyekuwa amekaa pale na maiti zake mbili moyoni, ambaye hakuweza kuondoka na jibu la watatu.

Mzee aliniuliza nilisema maneno gani hasa siku ile. Nikamwambia. Akatikisa kichwa. Akasema, mwongo akikuambia nje kunanyesha, toka nje ukatazame, hukuamrishwa kuapa kwamba kukavu. Ungesema kwa njia hii siijui. Akayahesabu kwa vidole: "Kwa, njia, hii, siijui. Maneno manne, mwanangu. Yalikushinda?"

Sikurudi bomani. Nilianza safari siku ile ile kwa miguu, na sikumbuki mengi ya njiani isipokuwa kwamba nilikuwa nikiyarudia majina ya mlolongo kwa sauti ili nisidondoshe hata moja. Wachungaji walinisalimu, nikawapita nikisema kasikia kwa, kasikia kwa. Siku ya sita nilifika Kondoa miguu imetoka malengelenge. Nilimwamkia mama mkwe shikamoo, akaitikia, akanipa maji. Binti yangu alikuwa amerefuka. Alijificha nyuma ya bibi yake akanichungulia kwa jicho moja. Nikamwambia ninakwenda kumwita mama yake. Sijui kwa nini nilimwahidi mtoto neno kama hilo.

Mke wangu alikuwa uani kwa shangazi yake anapeta uwele. Alikuwa amekonda mpaka mikono. Alinikaribisha vizuri, akanipa kigoda, akaendelea kupeta. Nikamwambia nimekuja na habari juu ya hadithi ile. Ungo haukusimama.

"Haya, sema," akaniambia. "Umesikia kwa nani?"

Nilimsomea. Nilitaja jina baada ya jina, nikamweleza kila mmoja alivyosifiwa, kama nilivyowafundisha vijana huku jiwe lake limenyamaza ndani. Nilipofika kwa mwanamke aliyeuliza, sauti ilinikatika nikalazimika kuanza upya. Nikamaliza. Na wawili, nikasema. Ni sahihi. Kaka yako alisema kweli.

Sasa ungo ulikuwa umesimama mapajani. Aliutazama uwele kwa muda, akitoa vijiwe viwili vitatu.

"Ni mzuri mlolongo huo," alisema. "Hao wa juu siwajui, lakini nakubali wamepimwa. Tuteremke. Mzee wa kitabu alimsomea nani?"

"Mimi."

"Na mimi nimesikia kwa nani?"

"Kwangu."

"Kaka yangu kabla hajaondoka kwenda kutafuta kazi mashambani Usambara alinieleza juu ya yule punda. Nilimlazimisha. Wewe neno ndugu ulikuwa hulijui?"

"Nalijua."

"Na uliandika."

"Niliandika."

Nikaanza kumwambia, haraka haraka, kwamba wanazuoni wana kauli juu ya hilo, kwamba mtu akisema uongo katika maneno ya watu kisha akatubu, toba yake hukubaliwa na hadithi yake hupokelewa. Asiyepokelewa milele ni yule aliyemzulia Mtume tu. Niliyasema hayo nikiwa nimeshika mguu wa kigoda kama mtu anayezama. Alinisubiri nimalize. Hakuwahi kunikatiza maneno, hata siku moja.

"Siku ya tatu ya matanga," akasema, "ulisema Mtume hakusema wawili. Leo unasema alisema. Uongo wako ule ulikuwa katika maneno ya watu, au juu ya Mtume?"

Niliuachia mguu wa kigoda.

"Ulinifundisha mwenyewe," akasema. "Huyo wa mwisho simpokei." Akauinua ungo akaendelea kupeta, na makapi yakaja upande wangu.

Nilikaa mpaka shangazi yake akatoka kuona nani yupo, kisha nikaaga. Njiani niliwaza njia nyingine. Kaka yake alikuwa Usambara, na tangu alipoondoka hapakuwa na salamu iliyofika. Mzee aliyerudi kuhiji alikuwa amekwisha kufa, nilionyeshwa kaburi. Yule mzee wa Unguja alikuwa ndani ya treni ya Tabora. Niliporudi kwa mama mkwe nilimpigia magoti, nikamwomba yeye amwambie, kwamba kwa wanawake wenzake huenda akapokea. Mama mkwe alifuta macho kwa ncha ya kanga. Akasema angefanya hata usiku ule, lakini atamwambia nini, maana binti yake atauliza tu amesikia kwa nani. Kila nilipogeuka, maneno yale ya kweli yalikuwa yamepita kwangu kwanza.

Asubuhi niliondoka. Binti yangu alinisindikiza mpaka mtoni, mbele kidogo, akiruka mawe. Kutoka pale nyumba ya shangazi inaonekana, na moshi wa jikoni ulikuwa umeanza kupanda. Alisimama akauangalia.

"Baba, mama amesema nije?"

Nikamwambia, "Bado."